Chelewa, Utanikuta

Zuhura mwanangu,

Pokea salaam za mama yako, anayekuandikia barua na wewe mwenyewe uko hapo Chumbageni tu, kwa shangazi yako, unaagwa.

Usicheke. Najua utarudi sasa hivi na ningeweza kukwambia yote haya kwa mdomo. Lakini wewe nakujua na mie najijua. Nikianza kusema nitalia, ukiniona nalia utanitania, nikitaniwa nitacheka, na neno lenyewe litapotea hapo hapo. Basi nimeswali magharibi, nimekaa jikoni na kalamu ya mdogo wako, naandika. Barua nitaichomeka kwenye mfuko wa koti lako la kazi, hilo lenye mistari ya kung'aa, ambalo hujalivua tangu ulipopewa mpaka juzi ukaenda nalo dukani kununua chumvi.

Habari za maji ya kunywa, dawa ya mafua na nani wa kumwamini njiani sikuandikii. Breki na matairi ni ya baba yako, naye ameshasema mpaka umeanza kumjibu kabla hajamaliza. Mie nina neno moja. Jana ulipokuwa unakunja nguo uliniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, Idd nitakuwa hapa hata iweje." Nikasema inshallah, nikaendelea kuchambua mchicha, lakini moyo uliniruka. Hiyo "hata iweje" yako ndiyo iliyonikalisha hapa.

Kwanza lakini niache nijidai kidogo, maana mbele yako huwa najikaza. Mwanangu, mie nina furaha, nina furaha mpaka naona haya! Makorora nzima inajua kesho alfajiri unakwenda kukabidhiwa lori la saruji uliendeshe mpaka Tunduma. Juzi kisimani mmoja, sitamtaja, akaniuliza, "Mama Zuhura, mtoto wa kike na dude lile ataliweza?" Nikamwambia, "Dude linaendeshwa kwa mikono na akili, au wewe ulidhani kwa ndevu?" Wakacheka wote, naye akacheka, akasahau na ndoo yake. Nimeringa wiki nzima. Nilipokuwa nikiwaona wewe na baba yako mnarudi kutoka kwenye barabara za mashamba ya mkonge alikokufundishia gari, vumbi mpaka kwenye nyusi, yeye kachomwa miiba mgongoni kwa sababu umerudi nyuma ukaingia naye kichakani, nilikuwa nagomba tu kwa mdomo. Moyoni nilikuwa napiga vigelegele.

Sasa sikiliza kisa unachokijua. Kila harusi ya ukoo wetu lazima mtu akisimulie, watu wacheke mpaka wakae chini, kisa cha baba yako kukuta msiba wake mwenyewe. Unakijua kwa upande wa kucheka, nami sitaki kukunyang'anya kicheko. Ila kina upande wa jikoni, na huo sikuwahi kukupa.

Ulikuwa darasa la pili. Ilikuwa siku ya mwisho ya Ramadhani, au tuliyoidhani ya mwisho, maana mwezi ulikuwa ukitazamiwa jioni ile. Baba yako alikuwa anatoka Dar es Salaam na shehena ya magodoro ya duka moja la hapa mjini, na ndani ya kichwa cha gari kaweka gauni lako la Idd. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni tangu asubuhi. Mie nilikuwa na mchele, nazi, bizari, wageni, na simu.

Simu ile, mwanangu! Ndiyo kwanza tulikuwa tumepata simu, na mie nilikuwa naishika kama hakimu anavyoshika nyundo yake. Nilipiga, "Uko wapi?" Akasema yuko njiani. Nikapiga tena, "Uko wapi?" Akasema ameshapita Mkata. Nikamwambia, "Mkata? Mbona mume wa jirani ametoka nyuma yako na yupo hapa anaoga?" Sikusema uongo, alikuwa anaoga kweli, tunamsikia anaimba. Tena nilikuwa nimezoea kujisifu kwa wenzangu kwamba mume wangu hatanguliwi na mtu, akiondoka asubuhi mchana yupo. Nilifurahia sifa ile kama ni yangu. Nikapiga tena. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena, ikawa haipatikani kabisa.

Kabla ya adhuhuri dereva mmoja mwenzake akampigia shangazi yako Mwanaasha. Alimwambia, "Nimepita Michungwani nimeliona gari la kaka yako bondeni, matairi juu. Yeye mwenyewe sijamwona." Basi! Wewe unamjua shangazi yako. Hakungoja neno la pili. Alitoka Chumbageni analia njia nzima, akafika hapa ameshawakusanya watu, na baada ya muda mfupi uwanja wetu umejaa mikeka. Imamu alisema, "Jamani, tungojeni habari kamili, kijana ameshatumwa Michungwani." Nani amsikilize? Msiba nao tuliukimbiza. Mchele niliokuwa nauchagua kwa pilau la Idd ukahamia kwenye nyungo za wanawake, ukawa mchele wa matanga. Wifi zangu wakanivua kanga yangu nyekundu, wakanifunika shuka nyeupe, wakanikalisha chumbani, mlango wazi kwa ukumbi wa wanawake, wakaniambia mie ni mjane, nipo edani. Mie sikubisha. Nilikuwa nimeikumbatia ile simu chini ya shuka, najua kitu ambacho wote wale hawakijui. Najua ilikuwa ikiita.

Hapo ndipo akaingia Bi Kibibi.

Bi Kibibi ni mtani wa baba yako. Babu yake na babu wa baba yako walitaniana, watoto wakarithi, na mtani hangoji kukaribishwa msibani. Akaingia kwa upande wa wanawake amevaa shati la baba yako, kalianua kambani, na kofia yake kaipandisha kisogoni vilevile anavyoivaa mwenyewe. Akamnyang'anya mmoja ungo, mchele ukamwagika, akaushika kwa mikono miwili kama usukani. "Pipiii! Pisheni! Pisheni simba wa barabara!" Akazunguka ukumbi mzima, anapinda kona, anawakanyaga watu miguu. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kujiziba midomo. Na kweli alikuwa ni yeye, mwanangu. Ule mkono wa dirishani, kile kikohozi chake, mpaka ule wimbo anaoukosea.

Kisha akachomoa upawa kiunoni, akauweka sikioni. Sauti ikageuka. Ikawa yangu.

"Uko wapi?"

"Nipo Mkata, mke wangu."

"Mkata wa nini? Wenzio wamefika wanaoga!"

"Nakuja, mke wangu."

"Njoo upesi, wageni watakuja watakuta uso wangu tu!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Shangazi yako Mwanaasha alicheka huku machozi yanamtoka. Nami nikacheka, ndani ya shuka ya eda, nikacheka kwa sauti. Maana ni mie kabisa! Bi Kibibi hakuwa na haja ya kuambiwa na mtu. Sauti yangu nikipiga simu ilikuwa inafika mpaka msikitini. Kisha akauachia upawa ukaanguka miguuni pake, akawa anainama kuuokota huku anaendesha, "Ngoja mke wangu, ngoja nikuokote," ungo ukainama, na yeye akaenda chali juu ya mapaja ya wifi zangu.

Watu wote wakapiga makofi. Mie nikaacha kucheka. Nilijiona, Zuhura. Sikumwona baba yako anaendesha, nilijiona mie. Kumbe miaka yote ile mguu uliokuwa unakanyaga mafuta ulikuwa wa kwangu, nipo jikoni nimevaa kandambili.

Nikiwa katika hali hiyo tukasikia, "Hodi!"

Sauti ya mwanamme. Bi Kibibi akanyanyuka mbio, shati la baba yako likimpepea, akauziba mlango kwa ungo. "Mwanamme haingii hapa! Ndani mna mjane, yumo edani!"

"Mjane wa nani?"

"Wa mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba ni mie."

Niliifunua shuka usoni. Halafu sauti ikasema, kwa uchovu, "Bi Kibibi, hilo si shati langu?"

Na yule bibi, Mungu amweke, hakuzimia wala hakupiga kelele. Alisema, "Shati la marehemu ni haki ya mtani wake. Kama umekuja kulidai, rudi ulikotoka!"

Nilitoka edani, mwanangu. Sijui kama kuna mjane aliyetoka edani mbio kama mie. Nilimwangukia pale mlangoni, mkono wake mmoja umefungwa kwa kanga ya mwanamke muuza machungwa wa Michungwani, na mwili mzima unanuka machungwa, maana alirudi juu ya gari la mzigo la wauza machungwa. Watu wanalia, watu wanacheka, imamu huko nje anasema, "Niliwaambia mimi!" Na wewe ukapenya kati ya miguu ya watu, ukamtazama baba yako uliyeambiwa kafa, ukamwuliza, "Baba, gauni langu?"

Akalitoa kwapani. Alilitoa kwenye gari kabla hajaitoa simu, na simu yenyewe hakuitoa kabisa. Ndiyo maana hakutupigia. Wale wauza machungwa walimpa simu yao lakini namba yangu hakuijua kwa kichwa, alikuwa amenihifadhi kwa jina la "Nyumbani", akitaka Nyumbani anabonyeza. Gauni lilikuwa na doa la oili hapa kifuani. Ukalivaa Idd ukamwonyesha kila mtu doa kwanza, gauni baadaye.

Mwezi uliandama jioni ile. Mchele uleule ukarudi kuwa wa Idd. Bi Kibibi alikataa katakata kurudisha shati, akasema yeye kazi yake ameshaifanya, kama maiti ameamua kurudi hilo si kosa lake. Shati analo mpaka leo.

Hapo ndipo wasimuliaji wa harusini wanapoishia, na ni haki yao. Mimi naendelea kidogo.

Wageni walipoondoka nilimwuliza baba yako, ilikuwaje? Akasema, "Simu ilianguka miguuni. Ilikuwa inalia. Nikainama kuiokota, nilipoinua kichwa kona imekwisha." Alisema hivyo, ilikuwa inalia. Hakusema ulikuwa unapiga. Tangu siku hiyo nilipendezwa na mume wangu upya, kwa neno moja alilolichagua. Akanisimulia alivyotoka dirishani, akakaa juu ya godoro moja lililotupwa kando ya barabara, nailoni yake bado iko juu, na watu wakadhani anauza.

Nikaapa sitampigia tena akiwa njiani. Kuapa ni rahisi! Mara ya kwanza alipoondoka, mkono ulikuwa unawasha. Nikavumilia nikavumilia, nikampigia utingo wake. Utingo maskini akamwambia, "Bosi, mama anauliza tuko wapi," na baba yako akaegesha gari kando, akashuka, akanipigia mwenyewe: "Mama Zuhura, kwani utingo hana macho ya kutazamia kioo cha upande wake? Naye usimpigie." Niliona aibu.

Nilipomweleza Bi Kibibi, alikwenda ukutani akautungua upawa uleule, akaniwekea mkononi. "Ukiwashwa, piga huu," akasema. Alikuwa anatania. Mie nikaufanya kweli. Wewe na mdogo wako mmenikuta mara ngapi nimesimama dirishani na upawa sikioni mkadhani mama kaharibikiwa? Nilikuwa nampigia baba yenu. Nilimwuliza uko wapi, nikamgombeza, nikamwambia wageni wamefika, mtoto ana homa, nakukumbuka. Yote niliyamwaga kwenye upawa, na barabarani hakufika neno hata moja. Yeye akiegesha pahala, Segera au Chalinze, ndipo anapiga, na neno lake la kwanza siku zote lilikuwa, "Nimeegesha." Wanawake wenzangu waume zao huwaambia maneno matamu. Mie nimeambiwa "nimeegesha" miaka yote hii, na mpaka leo nikilisikia hata kwa mtu baki moyo unalainika.

Alianza kuchelewa. Alikuwa wa mwisho kufika, baada ya jirani anayeimba bafuni, baada ya wote. Chakula kinapoa, mie natabasamu peke yangu. Mume wa mwisho mtaani! Sifa hiyo sikuitangaza kisimani lakini niliilalia usingizi mzuri. Na kazi ameiacha mwenyewe, kwa miguu yake, viungo vyote anavyo, isipokuwa ule mkono unaomwuma mvua ikikaribia. Umekuwa mtabiri wetu wa kuanika nguo.

Basi mwanangu, huko unakokwenda mwenye mzigo atakuuliza uko wapi. Bosi atauliza. Madereva wenzako watakupita wanakupigia honi, na mwingine atakucheka kwa kuwa wewe ni mwanamke unaenda polepole. Hao sina uwezo nao. Utajua mwenyewe kuwajibu, ulimi umeurithi, sina shaka. Mimi nina uwezo na mtu mmoja tu, ni huyu aliye jikoni. Sitaki uwe Kitonga kwenye ule mteremko, usingizi umekujaa machoni, halafu unajiambia, nilimwahidi mama. Mimi nisiwe sababu. Nimekwisha kuwa sababu mara moja na Mungu alinisitiri.

Kwa hiyo ile ahadi ya "hata iweje" nakurudishia. Chukua. Hunidai, sikudai. Swala ya Idd tutaiswali siku yake na watu wote, lakini mchele wako utakaa kwenye debe. Ukija siku ya pili, tutapika siku ya pili. Ukija baada ya wiki, tutapika baada ya wiki, na majirani wakiuliza kuna nini nitawaambia kwetu mwezi umeandama leo. Bi Kibibi amesema atakuja na shati lake. Amezeeka, magoti hayamruhusu kupinda kona tena, na nimemwambia kwamba kwako wewe hana kazi ya kufanya. Akanijibu, "Ewaa, ninyime kazi hiyo, ninyime kabisa!" Akageuka kufuta macho akasema ni kitunguu. Hatukuwa tunakata kitunguu.

Nakumbuka harusi yangu. Unajua kwetu ni Bweni, ng'ambo ya mto, na babu yako alikuwa mfanyakazi wa pantoni ya Pangani. Baba yako alikuja kunioa na lori limejaa watu na matarumbeta, akakuta pantoni imeshajaa. Akataka apandishwe hivyo hivyo, yeye ni bwana harusi! Babu yako akamzuia palepale, mkwe wake mtarajiwa, mbele ya watu wote: "Mto haujui harusi yako, kijana. Ngoja zamu." Mie nipo ndani nimepakwa hina, nasikia matarumbeta ng'ambo hayaji, na nyanya yangu anazungukazunguka anasema, "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako!" Walifika alasiri. Baba yako alinikuta nimekaa palepale, nimesinzia, hina imeshakauka vizuri. Kila aliyeiona alisema haijapata kukolea namna ile.

Nimesikia mlango wa nje. Ni wewe, unacheka na baba yako, na hilo koti lako linawaka kwenye taa ya barazani. Nakunja karatasi.

Nyanya alisema alivyosema, Mungu amrehemu, na wahenga wana heshima yao. Lakini mie mama yako nakwambia: chelewa, Zuhura. Chelewa, chelewa tena. Utakuta mama ni wako, yupo jikoni, ameshika upawa.

Mama yako